Namna ya Kulifasiri na Kulitumia Jina la Stanley: Mwongozo kwa Wanaoandika Kiswahili

Mkazi wa Kisangani analifahamu jina la Stanley kutokana na jina la zamani la mji wake. Mwanafunzi wa historia mjini Kigoma analihusisha na Ujiji na mwaka 1871, mpanda milima anayekwenda Rwenzori analisoma kwenye ramani juu ya vilele vya theluji, na mtu mwingine analo tu kwenye kitambulisho chake kwa sababu ndilo jina la baba yake. Herufi ni zile zile saba, lakini asili, njia na matumizi hutofautiana, na mwandishi asiyetofautisha humpotosha msomaji bila kujua. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya watafsiri, wahariri, waandishi wa habari na wanafunzi wanaokutana na jina hili, au na jina lolote la Kiingereza la namna yake, na wanaotaka kulieleza kwa usahihi. Hatua zote zilizomo zinatokana na swali moja, nalo ni hili: je, hapa mtu ndiye aliyechukua jina la mahali, au mahali ndipo palipochukua jina la mtu?

Hatua ya kwanza: gawa jina katika sehemu zake

Majina mengi ya vijiji vya Uingereza yaliundwa katika Kiingereza cha Kale, lugha iliyosemwa kisiwani humo kuanzia karne ya 5 hadi muda mfupi baada ya uvamizi wa Wanormani, watu wa kaskazini mwa Ufaransa, wa mwaka 1066. Kwa kawaida jina huwa na sehemu mbili: ya mwisho hutaja aina ya mahali, na ya kwanza huonyesha sifa yake au mwenye nalo. Stanley hugawanyika kuwa *stān*, yaani jiwe, na *lēah*, neno ambalo hapo mwanzo lilimaanisha msitu, kisha likaja kumaanisha sehemu ya msitu iliyofyekwa au iliyo wazi, na hatimaye malisho. Kwa hiyo Stanley ni mahali pa wazi msituni penye mawe.

Baada ya kuzitenga sehemu hizo, zitafute katika majina mengine, kwa sababu fasiri ya jina moja peke yake ni dhaifu, ilhali fasiri inayothibitishwa na majina kumi ina uzito. Sehemu ya kwanza imo katika Stanton, kijiji au shamba la mawe. Imo pia katika Stamford na Stanford, ambayo ni kivuko cha mtoni chenye mawe. Na katika Staines, mji ulio kando ya mto Thames magharibi ya London. Sehemu ya pili ndiyo iliyoenea zaidi, na wapenzi wa soka wanaitamka kila wiki. Burnley ni eneo la wazi kando ya mto Brun, Barnsley na Wembley ni maeneo ya wazi yaliyoitwa kwa majina ya watu, na huyo wa Wembley aliitwa Wemba. Katika Ashley na Oakley sehemu ya kwanza ni aina ya mti, Bradley ni eneo la wazi lililo pana, na Langley ni lile lililo refu.

Tahadhari ya hatua hii ni kwamba mwisho wa jina unaweza kudanganya. Beverley, mji wa Yorkshire, unaonekana kuwa ndugu wa Burnley na Barnsley, lakini maumbo yake ya zamani yanaonyesha kwamba sehemu yake ya mwisho si *lēah* hata kidogo, bali ni neno jingine linalohusishwa na kijito, na sehemu yake ya kwanza ni mnyama wa majini aitwaye biva. Ndiyo maana hatua ya pili haiwezi kurukwa.

Hatua ya pili: tafuta umbo la zamani kabisa la jina

Tahajia ya leo ni matokeo ya karne nyingi za makarani walioandika kwa kusikia. Sehemu ile ile ya *lēah* imeishia kuandikwa kwa njia nyingi, na hata peke yake imezaa majina mawili yanayoonekana kama hayana uhusiano, Leigh na Lee. Anayefasiri jina kwa kutazama umbo la leo tu anabahatisha.

Chanzo cha kwanza cha kutazamwa ni Kitabu cha Domesday, sensa ya ardhi na mali iliyoamriwa na mfalme William wa Kwanza mwishoni mwa mwaka 1085 na kukusanywa mwaka 1086. Wakusanyaji walizunguka sehemu kubwa ya Uingereza wakiandika kila shamba lilimilikiwa na nani, lilikuwa na majembe mangapi na lilitozwa nini, na kwa njia hiyo wakahifadhi majina ya maelfu ya vijiji jinsi yalivyosikika wakati huo. Jina letu limo humo katika umbo la Stanlei. Ukisoma umbo hilo unaona wazi kwamba sehemu zote mbili zilikuwa zimekwisha kuungana katika karne ya 11, na kwamba fasiri ya hatua ya kwanza inasimama. Kwa majina yasiyomo Domesday, hati za monasteri na hati za kugawa mashamba hufanya kazi hiyo hiyo.

Hatua ya tatu: tambua ni Stanley ipi

Kosa linalofanywa mara nyingi ni kudhani kwamba kuna Stanley moja ya asili ambako majina yote mengine yalitoka. Fikiria jina Mbuyuni. Tanzania na Kenya zina Mbuyuni nyingi, wala hakuna anayedai kwamba mmoja ndio uliowazaa wenzake, kwa kuwa popote palipokuwa na mbuyu mkubwa watu wangeweza kupaita hivyo. Stanley ni jina la namna hiyo: mahali popote ambapo msitu ulifyekwa na mawe yakaonekana, wakulima wa Kiingereza cha Kale wangeweza kupaita hivyo bila kuwasiliana na jirani yeyote.

Matokeo yake ni kwamba vijiji na miji yenye jina hili ipo katika wilaya za kihistoria za Durham, Yorkshire, Derbyshire, Staffordshire, Wiltshire na kwingineko. Ule wa Wiltshire ulikuwa na abasia ya watawa wa kiume wa shirika la Cistercian iliyoanzishwa katika karne ya 12. Lakini mfano unaofaa kuchunguzwa kwa karibu zaidi ni wa Gloucestershire, ambako vijiji viwili vya jina hili vinapakana karibu na mji wa Stroud. Ili watu wasivichanganye, kimoja kiliitwa King's Stanley, kwa kuwa kilikuwa shamba la mfalme, na kingine Leonard Stanley, kwa sababu ya nyumba ya watawa iliyowekwa chini ya jina la Mtakatifu Leonard. Hapo jina la asili linaeleza ardhi, na neno lililotangulizwa linaeleza mwenye ardhi au kanisa lake. Ukikutana na jina la Kiingereza lenye maneno mawili, yafasiri moja moja, kwa sababu mara nyingi yanatoka katika karne tofauti, na mara nyingine katika lugha tofauti.

Kwa hiyo unapoandika, usiandike "kijiji cha Stanley nchini Uingereza" ukaishia hapo. Taja wilaya. Kwa msomaji anayetafuta asili ya ukoo wake au anayetaka kuangalia ramani, taarifa isiyo na wilaya haina msaada.

Hatua ya nne: fuata njia ya jina kutoka mahali hadi ukoo

Majina ya ukoo yanayorithishwa yalianza kuenea Uingereza baada ya mwaka 1066, kwanza kwa mabwana wenye ardhi, kisha polepole kwa watu wa kawaida katika karne zilizofuata. Njia mojawapo kubwa ilikuwa kumtambulisha mtu kwa mahali. Katika hati za zamani utakuta jina la mtu, kisha neno *de*, lenye maana ya "wa" au "kutoka", kisha kijiji: Adam de Stanley. Baadaye *de* ikaanguka na kijiji kikabaki kuwa jina la ukoo. Wasomaji wa pwani hawatashangazwa na jambo hili, kwani nisba kama Shirazi au Hadhrami nazo hutaja mahali ambako ukoo unasema ulitoka.

Hapa ipo tofauti ambayo waandishi wengi huisahau. Bwana mwenye ardhi aliitwa kwa jina la shamba alilolimiliki, lakini mtu wa kawaida kwa kawaida alipewa jina la kijiji baada ya kukihama. Ndani ya kijiji cha Stanley kila mtu alikuwa wa Stanley, na kumwita mtu hivyo kusingemtofautisha na yeyote. Ni pale alipohamia kwingine ndipo wenyeji wake wapya walipomtambua kwa kule alikotoka. Kwa sababu hiyo, na kwa kuwa vijiji vya jina hili ni vingi, watu wawili wenye jina la Stanley si lazima wawe na babu mmoja. Usiandike kamwe kwamba kila Stanley ametokana na ukoo ule maarufu wa kikabaila.

Ukoo huo maarufu ni tawi la ukoo wa Audley lililochukua jina la Stanley ya Staffordshire. Uliinuka katika karne ya 14 wakati Sir John Stanley alipomwoa Isabel Lathom, mrithi wa mashamba makubwa ya Lancashire, na mwaka 1405 mfalme Henry wa Nne akampa kisiwa cha Man, ambacho wazao wake waliendelea kukitawala hadi mwaka 1736. Katika vita vya Bosworth vya mwaka 1485, Thomas Stanley, aliyekuwa baba wa kambo wa mdai wa ufalme Henry Tudor, alijizuia na jeshi lake hadi dakika za mwisho, na ndugu yake William ndiye aliyeingia vitani upande wa Henry na kumaliza utawala wa Richard wa Tatu. Mwaka huo huo Thomas akapewa cheo cha Earl wa Derby, ambacho kimo katika ukoo hadi leo.

Cheo hicho ni chanzo cha mkanganyiko, na ni vema kukielewa kabla ya kwenda mbele. Mtu wa ukoo huu anaweza kuonekana katika vitabu kama Lord Stanley katika ujana wake na kama Earl wa Derby baada ya kurithi. Edward Smith-Stanley, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Uingereza mara tatu kati ya 1852 na 1868, ndiye pia yule aliyesimamia mswada wa kukomesha utumwa katika makoloni ya Uingereza bungeni mwaka 1833 alipokuwa Waziri wa Makoloni. Mwanafunzi asiyejua hili huhesabu watu wawili mahali penye mtu mmoja.

Hatua ya tano: angalia kama jina limerudi tena ardhini

Hatua hii ndiyo yenye mambo mengi zaidi, na ndiyo inayotuhusu moja kwa moja. Jina lililotoka kwenye ardhi na kuingia katika ukoo lilirudi tena kwenye ardhi, safari hii katika nchi za mbali, likibebwa na mamlaka ya kikoloni. Mahali pa aina hii hapana uhusiano na mawe wala msitu uliofyekwa. Kusema kwamba mji mkuu wa Visiwa vya Falkland, uitwao Stanley, una maana ya "mahali pa wazi penye mawe" ni kukosea, hata kama mawe yapo, kwa sababu waliouita hivyo hawakuwa wakieleza ardhi bali walikuwa wakimheshimu waziri.

Mji huo ulijengwa katika miaka ya 1840 na kupewa jina la huyo huyo Lord Stanley, ambaye wakati huo alikuwa amerudi katika wizara ya vita na makoloni. Kwa heshima yake pia uliitwa mji wa Stanley katika kisiwa cha Tasmania, pamoja na Stanley ya Hong Kong, ambayo wenyeji waliendelea kuiita Chek Chue. Mwanawe Frederick, Gavana Mkuu wa Kanada kuanzia 1888 hadi 1893, naye aliacha jina katika bustani kubwa ya Stanley Park mjini Vancouver. Wala si lazima kuvuka bahari ili kuuona mwendo huu. Kijiji cha Stanley katika Perthshire, Scotland, kinachojulikana kwa viwanda vyake vya pamba vya karne ya 18, kiliitwa kwa heshima ya Lady Amelia Stanley, binti wa Earl wa saba wa Derby aliyeolewa katika ukoo wa Murray wa Atholl. Ukikikuta kwenye ramani ungedhani ni ndugu wa vijiji vya Durham na Yorkshire, kumbe ni mjukuu.

Sasa tuje Afrika, ambako inabidi kumtenga mtu mmoja na ukoo wote uliotajwa. Henry Morton Stanley hakuzaliwa na jina hilo. Alizaliwa mwaka 1841 mjini Denbigh, Wales, akaitwa John Rowlands, na sehemu kubwa ya utoto wake aliipitisha katika nyumba ya maskini ya St Asaph. Alivuka bahari hadi New Orleans mwaka 1859, na huko akachukua jina la mfanyabiashara wa pamba, Henry Hope Stanley. Yeye mwenyewe alidai kwamba mfanyabiashara huyo alimlea kama mwanawe, dai ambalo wanahistoria wengi wamelitilia shaka. Vyovyote iwavyo, hakuwa na damu ya Earl wa Derby, na kila mwandishi anayemhusisha na Lord Stanley wa Falkland anaunganisha watu kwa sababu ya herufi tu.

Jina alilolichukua mtu huyu ndilo lililoenea katika bonde la Kongo. Baada ya kukutana na David Livingstone huko Ujiji mwaka 1871, alirudi Zanzibar miaka michache baadaye, akaondoka Bagamoyo mwishoni mwa mwaka 1874, akasafiri sehemu ya njia pamoja na Hamed bin Muhammed el-Murjebi, maarufu kama Tippu Tip, na kufika Boma karibu na bahari ya Atlantiki mwaka 1877. Maporomoko aliyoyapita yakaitwa Stanley Falls, na upanuzi wa mto ulio mbele ya Kinshasa na Brazzaville ukaitwa Stanley Pool. Mwaka 1887 Tippu Tip mwenyewe, ambaye baadaye aliandika habari za maisha yake kwa Kiswahili, aliteuliwa kuwa gavana wa eneo la Stanley Falls, na kituo kilichokuwapo hapo kikakua kuwa mji wa Stanleyville. Mwaka 1966 mji huo uliitwa rasmi Kisangani. Maporomoko sasa ni ya Boyoma, na upanuzi wa mto ni Pool Malebo.

Katika Rwenzori njia ilikuwa tofauti kidogo. Stanley aliiona milima hiyo mwaka 1888, lakini hakuipa jina lake yeye mwenyewe. Duke wa Abruzzi, mwanamfalme kutoka Italia, alipoipanda mwaka 1906 ndiye aliyegawa majina ya wasafiri kwa vilele, akaupa mlima mrefu kuliko yote jina la Stanley na mingine majina kama Speke na Baker. Mlima Stanley uko mpakani mwa Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na kilele chake cha Margherita, chenye mita 5,109, kinaufanya kuwa wa tatu kwa urefu Afrika baada ya Kilimanjaro na Mlima Kenya. Nairobi nayo ina hoteli ya Stanley, iliyoanzishwa mwaka 1902 na kuitwa kwa jina la msafiri huyo huyo.

Ipo sadfa moja ambayo nawasihi waandishi wasiigeuze kuwa ushahidi. Watu wa Kongo ya chini walimwita Stanley kwa jina la Bula Matari, lenye maana ya mvunja mawe, kwa sababu ya kazi ya kuvunja miamba ili kupitisha barabara, na jina hilo baadaye likatumiwa kwa serikali nzima ya kikoloni. Kwamba sehemu ya kwanza ya Stanley nayo ni jiwe ni jambo la kuvutia, lakini majina hayo mawili hayakutokana, na waliombatiza Bula Matari hawakuwa wakitafsiri Kiingereza cha Kale.

Hatua ya sita: tenganisha jina la ukoo na jina la kwanza

Katika karne ya 19 wazazi wa Kiingereza walianza kuwapa watoto majina ya koo maarufu yawe majina yao ya kwanza, na Stanley likawa mojawapo. Stanley Baldwin, aliyezaliwa mwaka 1867, alifika kuwa Waziri Mkuu. Stanley Matthews, mchezaji wa kwanza kushinda tuzo ya Ballon d'Or mwaka 1956, alizaliwa mwaka 1915 Hanley, ndani ya Staffordshire, ambako jina la kitongoji chake nalo linaishia na ile *lēah*. Wamisionari na shule zao walilileta jina hili Afrika Mashariki kama jina la ubatizo. Jemadari wa Mau Mau, Stanley Mathenge, ni mfano unaojulikana.

Kanuni ya vyeo husaidia kutofautisha. Cheo cha Sir hufuatwa na jina la kwanza, si la ukoo. Kwa hiyo Sir Stanley ni mwanasoka Matthews, lakini msafiri, aliyepewa cheo hicho mwaka 1899, ni Sir Henry. Kuandika "Sir Stanley alifika Ujiji" ni kosa ambalo mhariri anapaswa kulikamata mara moja.

Kwetu kuna jambo la ziada. Tanzania, na katika jamii nyingi za jirani, jina la mwisho la mtu mara nyingi ni jina la baba au babu, wala si jina la ukoo lililopita vizazi vingi. Mtu anayeitwa Neema Stanley huenda ni binti wa mzee aliyebatizwa Stanley, na ndugu wa baba yake hawana jina hilo kabisa. Anapojaza fomu ya chuo cha Ulaya au Marekani, mfumo humhesabu kuwa wa "ukoo wa Stanley", na mtafiti wa nasaba anaweza kumtafutia mababu Lancashire. Kabla ya kuandika lolote kuhusu asili, uliza kwanza jina hilo ni la nani katika familia.

Kumbuka pia kwamba wahamiaji wengi wa Kipolandi waliofika Marekani waligeuza jina lao la Stanisław kuwa Stanley kwa sababu ya kufanana kwa sauti. Stanisław ni la Kislavoni na halina jiwe wala msitu ndani yake.

Hatua ya saba: kagua vitu vyenye jina hili

Hapa tupite haraka. Kombe la Stanley la mpira wa magongo wa barafuni lilitolewa mwaka 1892 na Frederick, yule Gavana Mkuu wa Kanada. Chupa za kuhifadhi joto zenye chapa hii zinatokana na mvumbuzi Mmarekani William Stanley, aliyetengeneza chupa yake ya chuma mwaka 1913, na visu na vifaa vya mafundi vinatokana na kampuni ya Frederick Stanley iliyoanzishwa Connecticut mwaka 1843. Hao ni watu watatu tofauti. Klabu ya soka ya Accrington Stanley ilipata jina lake kutokana na barabara ya Stanley Street mjini Accrington, kwa hiyo usiitafute klabu hiyo katika mji wowote unaoitwa Stanley.

Hatua ya nane: andika jina ipasavyo katika sentensi ya Kiswahili

Tahajia ya asili ibaki ilivyo: Stanley, wala si Stanli, ingawa ndivyo linavyotamkwa kwa karibu. Usilitafsiri jina la mtu. Maana uliyoipata katika hatua ya kwanza ni ya kueleza, si ya kuweka mahali pa jina. Upatanisho wa kisarufi ufuate kitu kinachotajwa. Mtu huchukua upatanisho wa watu: Stanley alifika. Mji, mlima na kombe vitajwe kwanza kwa nomino yake: mji wa Stanley ulijengwa, Mlima Stanley unapandwa, Kombe la Stanley linashindaniwa. Kiambishi cha mahali kiwekwe kwenye nomino na si kwenye jina la kigeni, hivyo tunasema mjini Stanley. Katika faharasa, msafiri ataorodheshwa kwa Stanley, lakini Matthews na Mathenge wataorodheshwa kwa majina yao ya mwisho.

Jambo la mwisho ni wakati. Majina yaliyobadilishwa yaandikwe kulingana na tukio na kulingana na msomaji. Patrice Lumumba alifanya kazi katika posta ya Stanleyville, na waasi wa Simba waliuteka mji wa Stanleyville mwezi wa Agosti 1964. Kuandika Kisangani katika sentensi hizo bila maelezo kunavuruga tarehe, na kuandika Stanleyville kwa mji wa leo ni kuurudisha utawala uliokwisha. Njia inayofaa ni kuyaweka majina yote mawili mara ya kwanza, "Stanleyville, ambao leo ni Kisangani", kisha kuendelea na moja. Kwa Falkland tahadhari iongezeke, kwa kuwa Argentina, inayovidai visiwa hivyo kwa jina la Malvinas, huuita mji huo Puerto Argentino, jina lililotolewa wakati wa vita vya mwaka 1982. Mwandishi wa habari za mgogoro huo ataje majina yote mawili na aeleze kila moja linatumiwa na nani, na mwandishi wa habari za utalii au za ndege wa baharini atumie Stanley, ambalo ndilo linaloandikwa na wakazi wenyewe.